Aliyelipwa, Je, Astahili Shukrani?

Mwezi uliopita tuliwaagiza vijana wa darasa letu la mwisho, ambao wengi wao wamekwisha kuota ndevu, waandike habari za watu na vitu vya kila siku ambavyo wanavishukuru. Twakiri kwamba hatukutazamia makubwa. Insha za namna hii twazijua: Mungu kwanza, kisha wazazi, kisha waalimu (maana mwalimu ndiye atakayesahihisha), kisha nchi, na mwisho kituo. Karibu wote waliandika hivyo. Illa kijana mmoja, mtu wa maneno machache, aliandika kwamba amshukuru mtu asiyemjua, yule aliyetengeneza chumvi iliyomo jikoni mwa mamaye. Tulipolisoma neno hilo mbele ya darasa, wenziwe walicheka. Mmoja wao, naye ni hodari wa hesabu, akasimama akauliza: "Mwalimu, chumvi twainunua. Mwenye duka amelipwa, aliyemletea mwenye duka amelipwa, na aliyeitengeneza amelipwa. Shukrani ya nini tena? Mtu akipata haki yake, deni limekwisha."

Hapo kengele ikalia. Twamshukuru aliyeipiga, ingawa naye hulipwa, kwa kuwa hatukuwa na jibu.

Ndugu wasomaji, swali lile si la kitoto. Hebu hesabuni watu waliomshika mkono kijana hata akafika umri wa kujitegemea. Yuko mkunga aliyempokea. Yuko mhunzi aliyefua jembe la mama yake. Yuko fundi cherehani aliyeshona kaptura yake ya kwanza ya shule. Yuko dereva wa lori aliyempandisha juu ya magunia. Yuko mwalimu, yuko mpishi wa bweni. Hao wote walipata ujira. Ikiwa ujira humaliza mambo yote, basi kijana hana wa kumshukuru illa baba na mama, na hata juu ya hao wako wasemao kwamba walifanya wajibu wao tu. Tena kijana aliyekwenda mjini hununua kila kitu: maji hununua, mkaa hununua, hata mahali pa kulaza ubavu hununua. Akiishika hesabu ya yule mwanafunzi wetu, atapita kati ya watu kama apitaye kati ya maduka.

Swali lile lilituchoma sisi wenyewe kwa sababu nyingine. Miaka kadha iliyopita tulimfundisha mtoto mmoja jioni, muda wa masika nzima, kwa kuwa ugonjwa ulimkosesha masomo ya muhula. Alipofaulu, tulikutana na baba yake njiani, naye akatupita kwa salamu fupi. Mtu aliyekuwa pamoja naye akamwuliza kama amekwisha kumshukuru mwalimu. Akajibu, "Kwani halipwi?" Tulifika nyumbani tumenuna, tukasukuma sahani ya ugali. Usiku, usingizi ulipokataa kuja, tukakumbuka kwamba neno lile hatukulisikia mara ya kwanza. Tulilisema sisi wenyewe kwanza, tulipokuwa kijana, kwa mtu mwingine.

Sisi tu watu wa ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Ulanga. Siku hizi mtu huvuka kwa daraja lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, na akiwa amesinzia ndani ya basi hajui kwamba amevuka. Lakini tulipokuwa tukisoma sekondari upande wa Ifakara, palikuwa na pantoni, nayo pantoni ilikuwa na saa zake na magonjwa yake. Ikilala, watu walivushwa kwa mitumbwi, ile ya gogo moja lililochongwa. Mvushaji wetu alikuwa mzee mwembamba, mwenye miguu mirefu kama korongo. Nauli ilikuwa shilingi 200 kwa mtu mzima, na mwanafunzi nusu yake.

Mzee huyo alikuwa na desturi zilizotuchosha. Kwanza hakuruhusu mtu aketi apendapo. Alitupanga kwa uzito, masanduku katikati, akinamama wenye watoto karibu na miguu yake. Kisha alisimama kimya akiyatazama maji, kitambo kirefu, kama mtu anayesoma barua mbaya. Kisha huutia upondo majini, akauvua, akautia tena hatua mbili mbele, ndipo atusukume. Sisi vijana tuliona huo ni uzito wa mwili wa kizee. Tulikaa na kitabu wazi magotini, si kwa kukisoma bali ili akinamama waone kwamba twasoma.

Likizo moja ilipokwisha, wakati wa mafuriko, tulifika ukingoni jua limekwisha kutua, na mitumbwi yote imefungwa. Tulikuwa sisi na mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa. Tukapiga kelele. Mzee alikuwa amekwisha kula na kulala. Akatoka amejifunga shuka, akafungua mtumbwi. Katikati ya mto akageuka akatupeleka juu sana, mbali na bandari, akisema polepole kwamba viboko wamelala mkono wa kulia. Tulifika usiku kabisa. Sanduku letu lilikuwa limelowa pembeni, nasi tukanung'unika kwa ajili ya madaftari. Yule mama akatuambia, "Mwanangu, mshukuru babu." Tukajibu kwa sauti, "Si amelipwa?"

Mzee alisikia. Hakusema neno. Aliusukuma mtumbwi akarudi peke yake gizani, kwa njia ile ile ya viboko. Tulisikia upondo ukigonga ubavu wa mtumbwi mara tatu nne, kisha hatukusikia tena.

Mwaka uliofuata mzee alikuwa na jipu mkononi, akataka kijana wa kusukuma, yeye akielekeza. Tukautwaa upondo kwa majivuno mengi. Hatukufika hata robo ya mto, mtumbwi ukaanza kuzunguka kama ungo mikononi mwa mwanamke apetaye mpunga. Upondo ulinasa matopeni, ukawa unatuvuta tuutazame mto kwa karibu. Kuuacha ni kupotea, na kuushika ni kuanguka. Abiria walikuwa wakiomba kila mtu kwa kabila lake. Mzee alicheka, akasema, "Usishindane na maji, mjukuu wangu. Yape njia, kisha uombe yako." Tulipofika ng'ambo tulikuwa mbali chini ya bandari, na viganja vimetoka malengelenge. Siku ile ndipo tulipojua ni kitu gani tulichokuwa tukikinunua kwa shilingi 100.

Basi hilo ndilo jibu letu la kwanza kwa mwanafunzi wa hesabu. Yeye adhani kwamba shukrani huja baada ya malipo, kama kipande cha mwisho cha malipo hayo. Sisi twaona kwamba shukrani yaanza mahali pengine kabisa, yaani katika kujua. Mtu asiyeijua kazi hawezi kuishukuru. Aweza kusema asante, lakini asante yake ni kama ile ya kasuku. Sisi tulivuka mto ule mara nyingi bila kumwona mvushaji, ingawa alisimama mbele ya macho yetu. Tulikuwa tukiuona mkono wake ukipokea fedha tu.

Na tukiisha kuijua kazi, twaona jambo la pili. Nauli ilinunua kufika. Haikununua kule kuyatazama maji kwanza. Mvushaji mwingine, asiyetazama, alitoza nauli ile ile, na siku nyingi watu wake nao walifika. Uangalifu wa mtu hauna bei sokoni, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuuona wala kuupima. Mwenye kazi huutia au huuacha, na hakuna amjuaye.

Turudi kwenye chumvi, maana kijana wetu alichekwa bure. Kule Uvinza, katika mkoa wa Kigoma, maji ya chumvi hutoka ardhini, na tangu kabla ya kuja Wazungu watu wa makabila mengi walikuwa wakienda huko wakati wa kiangazi kuyachemsha. Huku pwani, kama Bagamoyo na Lindi, maji ya bahari huachwa katika mabwawa mapana mpaka jua liyanywe, kisha watu huingia kuikwangua chumvi, na chumvi nayo huikwangua miguu yao. Hilo ni moja. La pili halionekani. Katika nyanda za juu za nchi yetu wazee wakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida shingoni mwa watu, kwa sababu udongo wa huko umepungukiwa na madini joto. Upungufu huo hauishii shingoni: mama mwenye mimba akiyakosa sana, mtoto aweza kuzaliwa akili yake imedumaa. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 sheria ya nchi yataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Mama aendapo dukani hanunui shingo nzima wala akili ya mtoto. Anunua chumvi ya mboga. Mtu fulani kiwandani ndiye apimaye, na akipima kwa uvivu, mama hatajua mwaka huu wala mwaka ujao. Mwanafunzi wetu wa hesabu huenda akili yake ile kali aliilamba katika mchuzi. Tutamwambia hivyo, kwa upole.

Hatusemi kwamba kila aliyelipwa astahili shukrani. Mtu achanganyaye mchele na mawe ili uzito uzidi amelipwa, na astahili polisi. Muuguzi amtukanaye mzazi kitandani amelipwa pia. Twasema tu kwamba malipo hayatoshi kujua. Yatupasa kuitazama kazi yenyewe.

Tena juu ya neno lake la mwisho, kwamba deni limekwisha, twakubaliana naye. Mzee wa mtumbwi hakutudai. Lakini ni nani aliyesema kwamba shukrani ni deni? Tazameni watu wawili kijijini. Mwenye deni hujua nyumba ya mdai wake, na kwa sababu hiyo hupita njia ya nyuma. Mwenye kushukuru naye aijua nyumba ile, na hujitafutia sababu ya kupita mbele yake, hata kama safari yake ilikuwa kwingine. Deni hutamaniwa liishe. Shukrani mtu huogopa isije ikaisha.

Hapa twaona lazima kukaa kidogo, maana watu wengi wameumizwa na jambo hili, hasa vijana. Twamjua binti mmoja aliyelelewa na mjomba wake baada ya kufiwa na wazazi. Alilishwa, alivishwa, alisomeshwa. Lakini hapana siku iliyopita bila masimango. Akivunja kikombe: "Hivi ndivyo unavyonilipa." Akichelewa kisimani: "Nani angekuokota?" Alipopata kazi, mjomba akadai mshahara, na alipopata mchumba, mjomba akataka mwingine, rafiki yake mwenye mali. Binti alitujia akilia, akauliza kama kukataa ni kukosa shukrani. Alikuwa ameambiwa neno hilo mara nyingi hata aliliamini.

Tulimjibu kwa woga, kwa kuwa mjomba ni mjomba, wala hatupendi kuwafundisha vijana dharau. Lakini tulisema hivi: chakula alichokula ni cha kweli, na asikikane hata siku moja, amsalimu mjombawe, amwuguze akiugua, amtumie kitu apatapo. Walakini yule aliyempa chakula hakununua maisha yake kwa chakula hicho. Aliyesimanga amekwisha kujilipa mwenyewe. Amegeuza wema kuwa biashara, na katika biashara ile binti hakuwekeana naye mkataba, maana alikuwa mtoto wa miaka sita. Basi twaona kwamba kosa la mjomba na kosa la mwanafunzi wetu, ingawa moja ni la kikatili na jingine ni la ujana, yana mzizi mmoja: wote wawili wadhani kwamba wema huandikwa katika daftari la dukani. Mmoja asema deni limekwisha, mwingine asema halitakwisha kamwe.

Tukiwatetea vijana, na tuseme pia kwamba kukosa shukrani mara chache hutoka katika moyo mbaya. Wengi wa wasomaji wetu waijua habari ya wale wakoma kumi, na tumezoea kuwalaumu tisa. Isomeni tena. Walikuwa wameagizwa waende kwa makuhani, nao walikuwa wakienda. Hawakuasi. Kila mmoja alikuwa na mlango wa nyumba aliokuwa ameutamani miaka mingi. Kijana naye yuko hivyo: ameagizwa aende, asome, apate kazi, aoe, ajenge, kila mtu nyuma yake ampigia kelele aendelee mbele, kisha twashangaa kwamba hageuki. Usiku ule mtoni tulikuwa na haraka ya kufika shuleni, na shuleni ndiko tulikotumwa na mama yetu.

Lakini mtu atasema: wako wengine nisioweza kuwafikia, hata nikigeuka. Ni kweli. Baba zetu wana kovu mkononi la chanjo ya ndui. Sisi hatunalo, kwa kuwa tulizaliwa ugonjwa wenyewe umekwisha. Nani atashukuriwa kwa kovu lisilokuwapo? Mwaka 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, mpishi wa hospitali, kijana aliyeitwa Ali Maow Maalin, aliingia katika gari lililochukua watoto wawili wenye ndui, ili aonyeshe njia, akaambukizwa. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu yake. Akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa ule kwa njia yake ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Angaliweza kurudi jikoni kwake akanyamaza. Baada ya miaka mingi alijitoa kuwasaidia wachanjaji wa polio nchini mwake, akiwaendea wazazi waliosita, akiwasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoiogopa sindano. Alifariki mwaka 2013, hali angali katika kazi hiyo. Hatujui kama mwenyewe aliiita shukrani. Sisi hatuna jina jingine la kuipa.

Hayo yote tuliyafikiri juma lile la swali, na kadiri tulivyofikiri ndivyo tulivyoona aibu, maana mzee wa mtumbwi hakuwa miongoni mwa wasioweza kufikiwa. Tulisikia yu hai. Jumamosi tukapanda basi, tukalivuka daraja tukiwa macho, tukateremka.

Tulimkuta barazani akisuka mgono wa samaki. Tukasema, "Shikamoo, babu." Akaitika, akatutazama sana, akauliza sisi ni mtoto wa nani. Tulipomtaja mama yetu, akapiga paja: "Aa! Ndiwe uliyeuzungusha mtumbwi wangu kama ungo!" Akamwita mkewe aje amwone mtu huyo. Kicheko kilipotulia, tukamwambia tulilolijia. Tukamkumbusha usiku wa mafuriko, na neno tulilolisema. Akatikisa kichwa. "Maneno ya mtoni ni mengi, mjukuu wangu. Hilo silikumbuki."

Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akituulizia miaka mingi kwa wapitao. Zamani, mwanawe aliyekuwa Dar es Salaam alipoleta barua, sisi ndio tuliomsomea, ndani ya mtumbwi, baada ya abiria kushuka. Alitaka isomwe mara ya pili, tukaisoma mara ya pili. Alilia, nasi hatukucheka. "Wengine walikuwa wakisoma mbiombio," akasema, "kama mtu anayetema mifupa."

Sisi jambo hilo hatulikumbuki hata kidogo. Tulikaa kimya.

Tulimpa bahasha yenye fedha. Akaifungua, akazihesabu mbele yetu, kama alivyokuwa akizihesabu siku zote, akazirudisha bahashani, akatupa. "Nauli ulilipa," akasema. Sukari aliipokea, akampa bibi. Kisha akainua pembe ya mkeka, akatoa kadi ya zahanati iliyokunjwa mara nne, akatunyoshea. Wajukuu wa pale nyumbani wajua kusoma, akasema, lakini wana haraka. Tukasogea karibu naye mkekani, tukaikunjua, tukaanza kumsomea, jina lake kwanza.